Mstari Uliopanda Kaskazini

Kazi yangu ya kwanza niliipata Korogwe mjini, katika kiofisi cha upimaji kilichokuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa wawili tu: bosi wangu, mpima ardhi aliyeizunguka nusu ya mkoa kwa miguu, na mimi, binti niliyetoka chuoni na cheti cha kutengeneza ramani kwa kompyuta. Feni moja, meza mbili, kabati la chuma lisilofunga vizuri. Mchana jua likipiga bati tulikuwa tunafungua mlango wa nyuma, na harufu ya saruji na rangi inaingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Siku hizi nikipita karibu na duka lolote la simenti, nasimama kidogo. Naona aibu kuwaambia watu kwa nini.

Nilikuwa mwepesi wa kazi na nilijijua. Bosi alizoea kuwaambia wateja, "Huyu binti mkimpa namba asubuhi, saa sita mna ramani yenu." Nilikuwa najisikia sana akisema vile. Lakini alikuwa na swali moja lililonikera. Kila nikimaliza faili, ananiuliza:

"Umeandika maelezo yake?"

Maelezo hayo ndiyo sisi wa fani hii tunayaita metadata. Ni kumbukumbu ya data yenyewe: imetoka wapi, nani aliipima, lini, kwa chombo gani, kwa kutumia msingi gani wa vipimo, na wapi haina uhakika. Programu ya ramani ina ukurasa wake kabisa wa kuyajaza. Mimi ukurasa ule nilikuwa nauruka, kama mtu anavyoruka dibaji ya kitabu.

"Nayajua, bosi," nilikuwa namjibu. "Yapo kichwani."

"Kichwani mwa nani?"

"Mwangu."

Anatikisa kichwa, anarudi kwenye chai yake. Hakuwa mtu wa kugomba. Mafaili yangu yaliitwa "mpaka", "mpaka mpya", "mpaka mpya kabisa", na mimi niliona yanatosha.

Ndipo ikaja kazi ya Handeni. Vijiji viwili vilivyopakana, ndani ya pori kutoka barabara kuu ya Mkata, vilitaka ramani ya matumizi bora ya ardhi. Kile cha kusini kilikuwa cha wakulima wa mahindi na mihogo, watu waliokaa pale tangu enzi za mababu. Cha kaskazini kilikuwa cha wafugaji. Waliishi pamoja bila makuu. Wengine waliuziana maziwa na unga, watoto walisoma shule moja. Karibu na mpaka wao palikuwa na lambo, bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo, ambalo pia akina mama wa kaskazini walichota maji ya nyumbani, wanayapakia kwenye punda.

Bosi alikwenda kupima barabara, zahanati, shule, visima na lile lambo. Mimi nikabaki ofisini kutafuta mpaka wa zamani. Nikaupata kwenye flashi moja kabatini: orodha ya namba za kona zote, mtu fulani alishaziandika siku nyingi zilizopita. Faili liliitwa "mpaka", neno hilo tu. Nikafurahi kama niliyeokota kitu. Nikazimimina namba kwenye kompyuta, nikauweka mstari juu ya picha ya setilaiti, ukakaa. Pori ni pori. Hapakuwa na ukuta wala reli ya kunionyesha kama umekaa pake au la. Nikapaka rangi, nikaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa, nikachapa.

Tulikwenda kuionyesha ramani wakati shule zimefungwa. Tuliibandika ubaoni darasani, watu wa vijiji vyote viwili wakajaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Niliwaonyesha barabara, wakafurahi. Niliwaonyesha zahanati, wakapiga makofi. Kisha mwenyekiti wa kijiji cha kusini, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, akasogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi.

"Hili la bluu ni nini?"

"Ni lambo, mzee."

"Na huu mstari mwekundu ndio mpaka?"

"Ndiyo."

Akageuka kuwatazama watu wake. "Basi lambo liko kwetu," akasema.

Hakusema kwa kiburi. Nadhani alishangaa kweli. Lakini darasa lililipuka. Waliokuwa upande wa mlango walisimama, waliokuwa dirishani wakaanza kuongea kwa lugha zao, wote kwa pamoja. Bosi aliinua mikono kutuliza watu, haikusaidia.

Aliyewanyamazisha alikuwa mama mmoja wa upande wa wafugaji, mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji chake. Watu wake walimwita Yeyo, yaani mama. Alikuja mbele taratibu, akasimama kati yangu na ubao.

"Mwanangu," akaniambia, "mstari huu ulipimwa na nani?"

"Ulikuwa kwenye faili, mama."

"Faili halina miguu. Nani alipima?"

"Sijui."

"Alipima lini?"

"Zamani."

"Alipokuwa anapima, alisimama wapi?"

Watu karibu mia mbili walikuwa wananitazama, na mimi na cheti changu sikuweza kusema hata neno moja kuhusu mstari niliouchora mwenyewe kwa rangi nyekundu.

"Mimi udongo wa lambo lile niliubeba kwa karai, kichwani," akasema. "Halijahama."

Akarudi kukaa. Mkutano ukavunjika bila kufungwa.

Wiki iliyofuata tulipata habari kwamba vijana wa kusini wameziba njia ya lambo kwa matawi ya miiba. Hakuna aliyepigwa. Ila punda waligeuzwa wakiwa na madumu matupu, na akina mama wakaanza kwenda kuchota mbali, mwendo wa kuondoka alfajiri na kurudi jua la utosi. Mtu aliyetupa habari hizo alizitaja kama jambo la kawaida tu, kwenye simu, kisha akauliza hali ya mvua Korogwe. Mimi nilikwenda kukaa mlango wa nyuma. Chakula kilinishinda siku ile na iliyofuata. Nilikuwa nalala kwa mama yangu, kule Mnyuzi, naye alidhani ninaumwa.

Bosi hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alivuta kiti chake karibu na meza yangu.

"Lile faili, aliliandika nani?"

"Halijaandikwa jina."

"Basi tutafute lilikotoka."

Tulipekua kabati siku mbili. Chini kabisa, ndani ya bomba la plastiki, tukapata nakala ya ramani ya zamani iliyochorwa kwa mkono. Zile namba zangu zote zilikuwa pale, pembeni, zimeandikwa kwa wino mwembamba na mwandiko uliosimama wima kama wa mashine. Na katika kona ya chini, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na herufi mbili za jina la mchoraji na maneno: *Tazama daftari, uk. 61.*

Bosi aliziangalia zile herufi mbili, akatabasamu. "Huyu mama namjua. Alichora ramani miaka yote ya ujana wake. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa umeme Hale. Yupo huko huko, ana shamba. Nenda kesho."

Nilikwenda na basi la asubuhi. Hale si mbali, lakini siku ile niliiona ndefu. Nilielekezwa nyumba yenye ua wa michongoma, upande ambako mto unasikika. Mama mchoraji alikuwa barazani anapepeta kunde, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lakini bibi yako nani? Meno ninayo yote. Niite mama."

Nikamweleza ninakotoka. Hakuacha kupepeta mpaka nilipotaja ramani. Hapo akaweka ungo chini, akanawa mikono, akaifuta mpaka ikakauka kabisa, ndipo akapokea karatasi zangu mbili: yake ya zamani na yangu mpya. Yake aliitazama kidogo tu, kama mtu anayemtambua mtoto wake kwa kisogo. Yangu aliitazama kwa muda mrefu.

"Nani amechora korongo hili kwa mstari mnene hivi?"

"Mimi, mama."

"Kama nyoka aliyeshiba."

Nikacheka, na kucheka kule kukanitoa machozi, nikamwambia yote: darasa, lambo, miiba, punda. Kisha akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na madaftari ya jalada gumu, yamepangwa, na kalamu zake za wino za kuchorea zimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Yalinuka kafuri.

"Wenzangu walikuwa wananicheka," akasema huku akitafuta. "Wanasema wewe unachora au unaandika riwaya? Lakini mimi nilishafundishwa na maumivu. Nilipoanza kazi nilichora ramani moja, nzuri, karatasi nzima, mwezi mzima mgongo unauma. Mkubwa wangu akauliza: hivi ni futi au mita? Mpimaji alikuwa ameshahamia Songea. Hakuna aliyejua. Nikachora upya mwanzo mpaka mwisho. Tangu siku hiyo kila ramani nikaipa ukurasa wake humu."

Akafungua ukurasa wa sitini na moja. Kwa mwandiko ule ule uliosimama wima yalikuwapo majibu yote niliyokosa mbele ya ubao. Jina la mpimaji. Siku alizopima. Chombo alichotumia. Msingi wa vipimo: Arc 1960. Kona ya tatu imewekewa bikoni, jiwe la zege lenye chuma katikati, hatua mia na themanini kusini mwa lambo. Chini yake orodha ya wazee waliotembea na mpimaji, wa vijiji vyote viwili. Na mwishoni: *Kona ya tano ina wasiwasi, mvua ilinyesha, ipimwe tena.*

Niliposoma "Arc 1960" nilishika kichwa. Ramani za zamani za nchi yetu zilipimwa kwa msingi huo. GPS za leo zina msingi mwingine. Namba zile zile, ukizisoma kwa msingi usio wake, mahali panasogea. Kwetu huku panapanda kaskazini kama mita mia tatu. Chuoni nilifundishwa. Kwenye mtihani nilipata. Lakini faili lililoitwa "mpaka" halikuniambia limezaliwa wapi, na mimi sikuuliza, nikalisoma kana kwamba limepimwa jana.

Nilifungua kompyuta pale pale barazani. Mama akavuta kigoda karibu. Nikabadilisha lile neno moja la msingi, nikabonyeza, na mstari mwekundu ukateremka kusini, mzima mzima, ukaliacha lambo upande wake wa kaskazini.

"Rudia," akasema.

Nikaurudisha juu, nikauteremsha tena. Alitazama kama mtoto anayetazama mazingaombwe.

"Hesabu zako zilikuwa sawa," akasema. "Ulikosa sentensi moja tu."

Tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa mchicha wa nazi. Wakati wa kuaga nilimwomba nilipige picha lile daftari. Akakataa.

"Daftari haliendi peke yake, hata kwa picha. Nitakwenda nalo." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Unajua, nimechora Handeni yote. Nimechora lambo lile kwa mkono wangu huu. Sijawahi kuliona. Wapimaji walikuwa wanaume, wanakwenda porini, sisi tunaletewa namba mezani."

Bosi alitukodia pikapu. Mama mchoraji aliwekwa mbele, kanga mbili, viatu vya kufunika, daftari ndani ya mfuko wa nailoni mapajani. Njia nzima alikuwa anatutajia vitu kabla hatujavifikia. "Hapa mbele kuna daraja." Daraja linatokea. "Sasa njia inakata kushoto." Inakata. Mara moja tu alikosea, palipochepushwa barabara mpya, akanuna mpaka tulipofika mbali.

Tulikuwa tumewapigia simu viongozi. Mwenyekiti wa kusini alikuwapo na watu wake wachache, na yule Yeyo wa kamati ya maji na wenzake. Walisimama mbali mbali, hawasalimiani kwa uchangamfu. Nikaingiza namba zilizosahihishwa kwenye GPS, tukaanza kutembea, mimi mbele. Kama bikoni haipo, nitasema nini tena kwa watu hawa?

GPS ikatufikisha kwenye kichuguu. Hapakuwa na jiwe. Nikazunguka mara ya kwanza, ya pili. Mtu mmoja nyuma yangu akaguna. Mama mchoraji akauliza, "Kichuguu kina miaka mingapi?" Hakuna aliyejua, lakini bosi akaelewa. Akaomba jembe. Wakabomoa ubavu wa kichuguu taratibu, udongo mwekundu ukaporomoka, na jembe likagonga kitu kigumu, sauti ya zege. Wakafuta kwa mikono. Chuma kilikuwa kimeota kutu, lakini kilisimama wima katikati ya jiwe lake.

Mama akafungua daftari, akamkabidhi mwenyekiti. Alisoma akifuata kwa kidole. Alipofika kwenye orodha ya wazee, kidole kikasimama.

"Huyu ni baba," akasema. "Baba alikuwapo siku hiyo."

Alirudia kusoma, safari hii midomo ikicheza bila sauti. Kisha akamrudishia mama daftari kwa mikono miwili, akawageukia vijana wake na kuwaambia wachukue mapanga, wakaitoe miiba. Alikwenda nao mwenyewe.

Nilijua ni zamu yangu. Niliwaambia mbele ya wote kwamba kosa halikuwa la kijiji chochote, lilikuwa langu. Kwamba nilichora mstari bila kujua ulitoka wapi, na akina mama wakafuata maji mbali kwa sababu yangu. Niliomba radhi. Yule Yeyo akamwomba mama mchoraji amsomee majina yote ya orodha, moja baada ya jingine. Akasomewa.

"Hakuna mwanamke," akasema.

"Hakuna," mama akakubali. "Niliandika nilicholetewa."

"Na wachotaji ni sisi." Akanigeukia. "Leo unaandika?"

"Naandika, mama."

"Niandike. Na hawa."

Nilikaa nyuma ya pikapu, kompyuta mapajani, nikafungua ule ukurasa niliokuwa nauruka siku zote. Niliujaza kila mstari. Chanzo cha namba. Msingi wa zamani, na kwamba umebadilishwa, na jinsi ulivyobadilishwa. Hali ya bikoni tulivyoikuta. Kona ya tano bado ina wasiwasi. Waliokuwapo: majina kumi na saba, tisa kati yao ya wanawake, kila mmoja akinikosoa nilivyoandika jina lake. Ilichukua mchana wote, na sijawahi kufanya kazi polepole kwa raha kama siku ile.

Wakati huo mama mchoraji alikuwa ameshapelekwa lamboni. Nilimkuta amesimama ukingoni, kanga ameikunja mkononi, punda wawili wanakunywa upande wa pili. Nilidhani amesisimka.

"Ni dogo," akasema. "Mimi nililichora kubwa zaidi."

"Labda wakati ule lilikuwa na maji mengi."

"Labda. Hilo sikuliandika."

Ni miaka mingi sasa. Kiofisi kile hakipo. Mwenye duka alikichukua akakifanya stoo ya mabati. Bosi alistaafu, akarudi kwao milimani. Mimi bado nipo katika kazi hii, na vijana ninaofanya nao kazi ni wepesi kunishinda, wana ndege zisizo na rubani na simu zinazopima ardhi kwa sekunde. Nawapenda kwa wepesi wao. Lakini faili lisilo na maelezo silipokei, na najua wakiwa peke yao wananiita jina fulani kwa sababu hiyo.

Mama mchoraji nilimtembelea Hale mara nyingi baada ya hapo, mpaka alipotangulia mbele ya haki. Safari ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyompelekea ramani yenyewe, iliyokwisha kukubaliwa na vijiji vyote viwili, imechapwa kwa rangi kwenye karatasi kubwa. Tuliitandaza mkekani, tukaibana pembe kwa vikombe. Alipiga magoti juu yake, miwani kwenye ncha ya pua, akasoma maelezo niliyoyaandika pembeni mpaka mwisho. Nikangoja sifa.

"Kijani hiki," akasema hatimaye, akigonga sehemu ya malisho kwa ukucha, "umekitoa wapi? Handeni haina kijani hiki. Hata masika."

Tukabishana juu ya kijani mpaka chai ikapoa.